Alama za Tarehe Kumi na Nne Aprili

Mamou, Louisiana
16 Septemba 2018

Kwako Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini u mzima huko ndani pamoja na masista wenzako, na goti lako limepoa. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Amerudi kazini jikoni kwenye shule ya msingi, na anasema watoto wa siku hizi wanamwaga chakula kizuri kuliko alichokula yeye siku ya harusi yake. Kaka Remy amemaliza kuvuna mpunga, na sasa anatengeneza madema ya kutegea kamba, wale tunaowafuga majarubani baada ya mpunga, kabla hatujajaza maji majaruba. Juzi alijitoboa kidole kwa waya akalia kama mtoto mchanga. Ukimwandikia usimwambie nimesema.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho sekondari. Naomba nafasi chuo kikuu cha jimbo, nikasomee uhandisi wa maji. Unajua mambo ya mtihani wa ACT: mtu anaweza kuufanya mara kadhaa, kisha akachagua alama za siku ipi zipelekwe chuoni. Mimi nimeufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata ishirini na tano. Mara ya pili, miezi minne baadaye, nilipata thelathini na mbili, na mwisho kabisa wa juu ni thelathini na sita.

Nataka kupeleka ile ishirini na tano.

Bi. Trahan, mshauri wetu wa wanafunzi, anadhani nimerukwa na akili. Ufadhili wa chuo unaanzia thelathini, na bila ufadhili siendi, hilo halina mjadala nyumbani kwetu. Nitabaki hapa kupima unyevu wa mpunga kwenye ghala, kama nilivyofanya likizo. Kila Jumanne ananiita ofisini. Nikamwambia nitamwuliza shangazi yangu, aliyefundisha hesabu miaka kumi na mmoja kabla ya kuwa mtawa, na aliyewajazia fomu hizi nusu ya watoto wa wilaya hii. Akasema, "Mwulize basi. Akikubaliana na wewe, mimi nitamwandikia Papa."

Kwa hiyo nakuuliza. Mtu akiwa na alama halali, akaificha, amedanganya?

Mama amesema pia usijisikie vibaya juu ya mazishi ya Baba. Sote tunajua sheria za huko kwenu, na hakuna anayekulaumu.

Binti wa ndugu yako,
Camille


Monasteri ya Mama wa Rehema, Mississippi
7 Oktoba 2018

Camille mwanangu,

Milele amina, na marahaba. Barua yako ilifika mapema, lakini kwetu barua hugawiwa Jumapili, na Jumapili iliyofuata nilikuwa na zamu jikoni, kwa hiyo usidhani nimekupuuza. Goti linaniuma nikipiga magoti na linaniuma nikisimama, nami nimelizoea kama mtu anavyomzoea jirani mlalamikaji. Tunaoka hostia za parokia sitini sasa. Sista mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na tisa na tunamwita mtoto. Msalimie Mama yako. Mwambie Remy avae glavu.

Nije kwenye swali lako. Hapana, si uongo. Ukikaribisha wageni huwapeleki jikoni kuwaonyesha kila sufuria. Unawaandalia kilichoiva, na kilichoungua ni siri yako na mbwa. Vyuo vyenyewe vinajua hivyo, na vikitaka kuona kila kitu vitasema. Niliwaambia wanafunzi wangu hayo miaka yote na dhamiri yangu haikunisumbua.

Ila wewe umeigeuza karamu. Unataka kuwapa wageni kilichoungua, na kilichoiva unakimwaga. Nimefundisha muda mrefu, mwanangu, na katika miaka hiyo niliwahi kumwona mtoto mmoja tu aliyeikimbia alama yake nzuri. Hakuwa ameipata kwa haki. Alikuwa ameketi nyuma ya mvulana hodari. Kama na wewe kuna jambo kama hilo, niambie. Sitakugombeza. Kutoka ishirini na tano kufika thelathini na mbili kwa miezi minne ni mruko mkubwa, na ninaujua uwezo wako wa kusoma grafu tangu barua zako za ukiwa na miaka tisa.

Mwambie Mama yako asante kwa maneno yake kuhusu mazishi. Sheria ni sheria. Ninamwombea Elray kila siku.

Shangazi yako,
Sista Placide


Mamou
21 Oktoba 2018

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Remy hajambo. Tumejaza maji majaruba yote isipokuwa lile la karibu na barabara.

Sikuiba.

Nimejiandikisha kuufanya mtihani mara ya tatu, Jumamosi hii inayokuja. Nikipata thelathini nitapeleka hiyo na hakuna atakayehitaji kuniuliza tena, si Bi. Trahan, si wewe. Kila jioni nikitoka shule nasoma mpaka Mama aniite kula.

Unasema umefundisha muda mrefu. Kila karatasi ya alama huwa na tarehe pale juu kulia. Yangu ya thelathini na mbili imeandikwa 14 Aprili 2018.

Camille


Monasteri ya Mama wa Rehema
4 Novemba 2018

Camille mwanangu mpenzi,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Naomba radhi kwa nilichokuandikia. Nilipaswa kuuliza, nami nikashuku. Ni tabia ya walimu, na utawa haujaiondoa.

Hapa hatujambo. Juzi, siku ya Marehemu Wote, tulisoma majina ya ndugu zetu kanisani, na jina la baba yako nililisoma mimi.

Sikujua kwamba siku aliyofariki ndiyo siku ya mtihani wako. Hakuna aliyeniandikia hivyo. Sasa naelewa kwa nini karatasi ile inakuchoma mkononi. Lakini, mwanangu, siku na saa anazipanga Mungu. Usibebe mzigo ambao hukupewa. Baba yako alikuwa mtu wa kuthamini kazi iliyofanywa vizuri, na nina hakika angetaka uipeleke alama hiyo. Mpe Mwenyezi Mungu huzuni yako, kisha ujaze fomu.

Natumaini mtihani wa juzi ulikwenda vizuri. Nilikuombea asubuhi nzima.

Wako katika Bwana,
Sista Placide


Mamou
18 Novemba 2018

Shangazi,

Shikamoo, na pole na goti. Mama ana mafua lakini anakwenda kazini. Remy ameanza kutia chambo madema machache ya kujaribia. Kamba bado wadogo kama kucha.

Nimepata ishirini na nane.

Umeniambia angetaka. Watu wote wananiambia hivyo. Padre alisema, Bi. Trahan alisema, yule mama wa benki ambaye hata hakumjua Baba naye alisema. Nakuomba wewe usiniambie tena hivyo. Nitakueleza asubuhi ile ilivyokuwa, halafu uniambie kitu kingine.

Unajua alivyougua tangu Septemba ya mwaka jana, kansa ya kongosho. Tulimwekea kitanda sebuleni ili aone majaruba. Mama alikuwa anafanya kazi, Remy alikuwa kwenye madema, na mimi nilikuwa wa kumkalia nikitoka shule na siku zote za mwisho wa juma. Nilijua kumgeuza bila kumwumiza. Nilijua kumlisha uji wa wali kwa kijiko cha plastiki kwa sababu cha chuma kilikuwa na ladha mbaya mdomoni mwake. Kiti changu kilikuwa kile cha kusukwa, upande wa kichwa chake.

Jumamosi ile sikutaka kwenda. Nilimwambia mtihani upo tena Juni. Alinitazama akasema, "Nenda, Camille. Sitakuwa peke yangu, nimeshapanga." Sijui alipanga nini. Nadhani alimaanisha Mama. Nikaenda.

Shuleni Ville Platte, mji wa jirani, walitunyang'anya simu wakazitia kwenye bahasha. Saa mbili na nusu tukaanza. Sasa nisikilize vizuri, Shangazi, maana sijamwambia mtu. Nilifurahi. Niliketi pale, penseli zangu tatu, saa ukutani, na kila swali lilikuwa na jibu. Tangu Septemba hakuna kitu kilichokuwa na jibu. Nilifika kwenye hesabu nikasikia raha kama mtu aliyevua viatu. Nilimsahau. Kwa saa tatu nilimsahau Baba kabisa, wala sikukumbuka kwamba anaumwa. Nilipotoka sikuitoa simu kwenye bahasha, niliitupa hivyo hivyo kwenye kiti cha gari. Nikasimama kituo cha mafuta nikamnunulia boudin, soseji yetu ya wali aliyoipenda kuliko chakula chote. Alikuwa na wiki tano hawezi kumeza kitu kigumu. Nilikuwa nimesahau mpaka hilo.

Nilipokuwa naegesha nyumbani niliona gari la nesi, na la Padre. Remy alikuwa amenipigia simu mara tisa.

Mama alikuwa amekwenda duka la dawa kumfuatia morfini. Alimwacha amelala, akadhani ni nusu saa. Nesi alifika saa tano akamkuta amekwisha fariki. Hakuna aliyekuwepo, Shangazi. Kiti changu kilikuwa kitupu.

Ndiyo maana nilipata thelathini na mbili. Ukiniuliza ile namba inapima nini, nitakwambia inapima jinsi nilivyomsahau. Siku nyingine zote nilipofanya mtihani nilikuwa namkumbuka, nikapata ishirini na tano, na ishirini na nane. Nitaipelekaje? Nitaingiaje chuo kwa alama hiyo, nikae hapo miaka minne?

Mwisho wa kupeleka kila kitu ni tarehe tano Januari. Majilio yanaanza tarehe mbili Desemba, na najua mkiingia Majilio hamwandiki wala kupokea barua mpaka Krismasi. Kwa hiyo nijibu upesi. Wewe ulimjua kabla yetu sote.

Camille


Mamou
5 Desemba 2018

Shangazi,

Sikupata jibu. Najua Majilio yameanza na barua hii itakaa kwenye droo ya Mama Mkuu wenu. Nimeandika "ya haraka" juu ya bahasha, hata kama haisaidii. Mama na Remy hawajambo.

Nilipeleka ile ishirini na nane. Niliona afadhali, ni yangu na sikumtupa mtu ili niipate. Jumatatu Bi. Trahan alipiga simu chuoni kuulizia faili langu, akatoka ofisini akinikimbilia koridoni, mama mzima wa miaka sitini. "Ipo!" anasema. "Thelathini na mbili yako ipo kwao tangu Mei!"

Nikamwambia haiwezekani, sikuipeleka.

Kumbe ni Baba. Mtu akijiandikisha mtihani anapewa nafasi nne za bure za kutaja vyuo, na alama zinakwenda huko zenyewe, kabla hata mwenyewe hajaziona. Mimi huziacha wazi, nani apeleke kitu asichokijua? Lakini Februari Baba ndiye aliyenijazia fomu kwenye kompyuta, nikiwa bandani na Remy. Alikuwa bado anaweza kukaa. Nimeingia kwenye akaunti nikaona. Amejaza zote nne. Chuo cha jimbo amekiweka cha kwanza, halafu vitatu vingine, kimoja kiko Texas na sijawahi kukisikia. Ndivyo alivyokuwa hata kwenye kamba: hategi dema moja akakaa kungoja.

Nilimkasirikia sana. Hakuniuliza. Sasa na mimi nimeshindwa hata kuchagua.

Chuo kimesema nikitaka waifute, niandike barua ya mkono wangu, nitie sahihi, iwafikie kabla ya tarehe tano. Nimeiandika. Bahasha iko mezani, ina stempu. Kila nikipita naigusa.

Sijui kwa nini nakuandikia. Labda kwa sababu hutajibu.

Camille


Monasteri ya Mama wa Rehema
14 Desemba 2018

Camille mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Wasalimie Mama yako na Remy. Goti halina jipya.

Ni Majilio, na ninakuandikia. Jumapili Mama Mkuu alinisimamisha baada ya chai, akasema kuna barua yako iliyoandikwa "ya haraka", na itangoja Krismasi, labda kama mimi nitaiomba. Nikaiomba. Kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kuomba niondolewe sheria yoyote. Alinipa barua na ruhusa ya kujibu, wala hakuniuliza kitu. Jambo lote lilikwisha kabla kikombe changu hakijapoa.

Nimekaa siku tano nikifikiria jinsi lilivyokuwa rahisi.

Barua yako ya Novemba niliipata Jumapili ya Kristo Mfalme. Nilikuwa na siku saba kabla ya Majilio. Ningeweza kukujibu. Sikukujibu. Niliiweka chini ya mto nikaingoja sheria ifike inifunge mdomo. Na si mara ya kwanza kufanya hivyo.

Baba yako aliniandikia mwezi wa Machi. Ilikuwa Kwaresima, barua ikakaa mpaka Pasaka, nikapewa tarehe mosi Aprili. Mistari minane, kwa penseli. Hakuniomba sala. Alisema tarehe kumi na nne mtoto ana mtihani na hatakubali kuondoka. Verna, mama yako, amechoka, Remy yuko kwenye maji tangu alfajiri. Akaniomba nije nikae naye siku hiyo moja, kwenye kiti chako, ili wewe uende bila kugeuka nyuma.

Nilimpelekea Mama Mkuu barua. Aliisoma akasema, "Nenda, Sista. Utapelekwa kwa gari." Mimi nikasema hapana. Nikasema nimeweka nadhiri, nitamtolea Mungu sadaka hiyo. Masista wakanisifu. Wewe na Mama yako mmekuwa mkisema ni sheria za huku, na mimi nimewaacha mseme. Nikakuandikia kwa mkono wangu kwamba sheria ni sheria. Huo ulikuwa uongo, Camille, na niliposema sikujua kwamba alifariki siku ya mtihani wako, huo nao ulikuwa uongo. Uliniuliza kama kuficha ni kudanganya, nikakujibu kwa mifano ya sufuria, huku nimeficha hili.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Elray alizaliwa nikiwa na miaka kumi na mmoja, na mama yetu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba. Sikuwa na ujasiri wa kumwona amekonda vile. Na kulikuwa na kiburi. Sikutoka nje ya lango hili hata siku mama yetu alipozikwa, na nililipenda jambo hilo juu yangu mwenyewe. Sikutaka lichafuke.

Sikumjibu hata kumwambia siji. Ulipoandika kwamba alisema "nimeshapanga", nilielewa kuwa asubuhi ile alikuwa bado ananingoja mimi.

Ile saa nilikuwa kwenye mashine ya kukatia hostia. Mimi sikumsahau hata dakika moja. Nilimkumbuka sana, nikiwa nimekaa mbali naye kwa hiari yangu. Wewe ulimwosha na kumlisha miezi saba, ukamsahau saa tatu, kisha ukarudi na chakula chake. Usiniulize ningefanyaje kama ningekuwa wewe. Mimi nilipewa nafasi ya kuwa wewe siku ile, na sikuichukua.

Nilikuandikia kwamba angetaka, bila haki ya kusema. Sitasema tena. Barua yake naifunga humu ndani, uisome mwenyewe. Juu ya ile bahasha ya mezani sikwambii kitu. Lakini kama ulikuwa unatafuta nani alikiacha kiti kitupu, usiendelee kutafuta.

Najua nikituma hii huenda usiniandikie tena. Naituma, kwa jina aliloniita Elray.

Odile


Mamou
29 Desemba 2018

Shangazi,

Shikamoo. Mama amepona mafua. Remy ametoa kamba wa kwanza, magunia mawili, akatembea kifua mbele siku nzima. Krismasi tulikula gumbo, ule mchuzi mzito, ya bata na mahali pa Baba hapakukaliwa na mtu.

Barua hii nimeianza mara nne.

Nimekukasirikia. Kama ungekuja, asingekufa peke yake. Nimeligeuza hilo kila upande kwa siku kumi na bado ni kweli, na sitakuandikia kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu. Siku ya kwanza nilisikia hata nafuu: kumbe ni wewe, basi si mimi. Halafu nikaona aibu kwa nafuu ile, maana mimi najua hofu unayoisema. Kuna siku nilikuwa natoka shule nazunguka kwa gari mara mbili kabla ya kuingia nyumbani.

Barua ya Baba nimeisoma. Mwandiko wake ulikuwa bado na nguvu. Jina langu ameliandika kwa herufi kubwa tupu, kama alivyokuwa akiandika namba kwenye maboya ya madema. "Bila kugeuka nyuma" amepiga mstari chini yake. Kwa hiyo ile fomu hakuijaza kwa haraka tu. Alikuwa anajua anachofanya, na mtihani ule niliufanya hasa alivyotaka niufanye. Ni mara ya kwanza mtu ananiambia alichotaka, na aliyeniambia ni yeye.

Bahasha nimeichana jana. Thelathini na mbili ibaki. Nimempigia Bi. Trahan kumwambia, akasema atamwacha Papa apumzike.

Siku ya Krismasi nilimweleza Mama kila kitu cha asubuhi ile, jinsi nilivyofurahi nikamsahau Baba. Nilidhani ataniondolea macho yake. Alilia, akanikumbatia, kisha akauliza ile boudin niliipeleka wapi. Nikamwambia niliizika nyuma ya banda. Tulicheka mpaka Remy akaja kuuliza nani amekufa, akajisikia vibaya kwa kuuliza hivyo, tukazidi kucheka.

Sasa Mama anajua nilivyokuwa siku ile, na mtu yeyote chuoni akiniuliza nitamwambia.

Wewe sijakutaja. Bado anaamini ni sheria za huko. Jumapili iliyopita nilimsikia nje ya kanisa akikutetea kwa mke wa jirani yetu Padgett Fruge, kwamba maskini Odile alizuiliwa, moyo wake ulikuwa huku. Nilinyamaza, lakini sikupenda kunyamaza.

Tarehe kumi na nne Aprili itakuwa Jumapili ya Matawi. Misa ya mwaka wa Baba ni saa nne asubuhi. Najua itakuwa Kwaresima. Omba ruhusa. Remy atakuja na gari mpaka langoni, wala hatazima injini.

Mama utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitakaa karibu yako ukimwambia.

Camille